Kibarua bila barua

Hotuba ya mgeni mwalikwa kwenye mahafali ya wahitimu wa uashi wa chuo cha ufundi stadi, Dar es Salaam

Ndugu mkuu wa chuo, walimu, wazazi mliofunga vibanda vyenu ili muwepo hapa, na ninyi wahitimu mnaotoka jasho ndani ya majoho ya kukodi, habari za mchana.

Nimepewa dakika 20. Barua ya mwaliko iliniomba nizungumzie mchango wa sekta ya ujenzi katika uchumi wa taifa. Niliisoma mara tatu, nikaona hilo atalieleza vizuri zaidi mtu mwenye tai. Mimi nitamzungumzia saidia fundi.

Naona mmeanza kutazamana. Mmekaa darasani muda wote huu ili msije mkawa saidia fundi, halafu siku yenyewe ya kupewa vyeti anakuja mzee mmoja kuwarudisha kwenye ndoo. Nivumilieni. Kila mmoja wenu atakayepata kazi wiki ijayo atakuta watu wawili au watatu wamesimama nyuma yake, wanasubiri aseme "leta udongo", yaani saruji iliyochanganywa na mchanga. Hao ndio ninaotaka mwondoke hapa mnawajua.

Nianze na neno lenyewe, na walimu wa Kiswahili mtanisahihisha. Sisi huyu mtu tunamwita saidia fundi, wenzetu wa Nairobi wanasema mtu wa mjengo, lakini jina la zamani kuliko yote ni kibarua. Barua mnaijua. Kibarua ni barua ndogo, kikaratasi. Unguja ya karne ya 19, mtu wa kazi za kutwa, na wengi wao walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao, alikuwa na kikaratasi cha kuonyesha kwamba siku ile amefanya kazi. Kikaratasi kikampa jina mwenye kukishika. Baadaye kwenye mashamba ya mkonge kikaja kipande, kadi yenye nafasi 30. Umefanya siku moja, unachorewa moja, na mshahara huuoni mpaka zijae zote.

Vyote viwili vilikuwa vyombo vya kumbana mtu. Asitoke mtu hapa akasema mzee kasifia utumwa na mkoloni. Ninachosema ni kwamba hata yule aliyekunyonya alikuwa na karatasi yenye hesabu yako. Leo tumebaki na neno, karatasi imepotea njiani. Pita mbele ya mradi wowote mkubwa hapa mjini usome kile kibao cha bati: mteja yupo, msanifu majengo yupo, mhandisi mshauri yupo, mkadiriaji majenzi yupo, mkandarasi yupo na daraja lake la usajili. Ingia ndani sasa, uwakute watu 40 wanabeba zege. Waulize hao wameandikwa wapi.

Mimi nilishuka stesheni ya reli ya kati nikitokea Kilosa mwaka 1996, na begi moja na anwani ya mjomba ambaye alikuwa ameshahama. Siku ya nne nikaenda kukaa kijiweni Tandika, pale vijana wanapokaa asubuhi wakisubiri fundi anayetafuta watu. Akaja mmoja na baiskeli. Hakuniuliza jina. Alinitazama mabega, akanigeuza mikono akaangalia viganja, akasema, "Wewe, na wewe, na yule mrefu." Yule mrefu ndiye nitakayerudi kwake baadaye.

Kazi ya kwanza ilikuwa kupandisha tofali. Tofali la inchi sita la mchanga na saruji, lile lisilo na tundu, halipungui kilo 25. Fundi anajenga kozi moja, yaani mstari mmoja wa tofali, kwa dakika chache huku anapiga hadithi, na wewe unapaswa kuhakikisha mkono wake haushiki hewa. Jioni nilishindwa kufungua mfuniko wa chupa. Nilidhani nimeonyesha udhaifu wangu, kumbe fundi alikuwa amefurahi, kwa sababu sikuangusha hata moja na niliyapanga upande wa mkono wake wa kushoto bila kuambiwa. Mkono wa kulia una mwiko. Huo nao ni ujuzi, ila hauna cheti.

Sasa tupige hesabu kidogo. Wahitimu, toeni simu mnikosoe. Chukua slabu ya ghorofa ya kwanza ya nyumba ya kawaida, mita 10 kwa 12, unene sentimita 15. Hizo ni mita za ujazo 18. Zege lina uzito wa karibu tani 2.4 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo tunazungumzia tani 43 hivi. Kama hakuna pampu wala winchi, na nyumba nyingi za mtaani hazina, tani hizo zinapanda kwa ndoo ndogo, zile za rangi zilizokwisha, kilo 20 hivi kila ndoo. Ni ndoo 2,150. Ukiwa na watu 20 wa kupanda, kila mmoja ana safari 107 na ushee, kila safari mita tatu kwenda juu kwenye ngazi ya mirunda. Mtu huyo jioni amepanda zaidi ya mita 320 na mzigo kichwani. Ni sawa na kupanda jengo la ghorofa 100, ambalo nchi hii haina.

Na lazima apande siku hiyo hiyo. "Zege halilali" mmeshalisikia kwenye mambo mengi, hata kwenye mapenzi, lakini lilianzia kazini na maana yake kazini ni ya kweli kabisa. Maji yakishagusa saruji, saa imeanza kuhesabu. Kwa joto letu hili ukiliacha zege saa mbili kwenye karai, unachomwaga baada ya hapo ni kifusi kilicholowa. Ndiyo maana siku ya slabu watu wanaanza alfajiri na kumaliza kwa taa za gari. (Vijana wa mjini walipoamua kuiita chipsi mayai "zege" walijua walichofanya: imechanganywa, imeshikana, na ukiimeza inakaa.)

Hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo ghorofa linaposimama au kuanguka, na anayeshika usukani wala si mhandisi.

Mfuko wa saruji wa kilo 50 unataka maji kati ya lita 25 na 30, na ukiwa mchanga umelowa yanapungua hapo. Mmefundishwa hilo, mmejibu mtihani. Sasa njooni saa nane mchana, jua la Februari, kikosi kinalipwa kwa mfuko, yaani kadiri wanavyomaliza haraka ndivyo wanavyoondoka mapema na hela ile ile. Zege lililopimwa vizuri ni zito, halitoki kwenye ndoo mpaka uigonge. Aliyeko juu anapiga kelele, "Ongeza maji huko chini!" Kijana aliyekaa kwenye pipa la maji anaongeza ndoo moja, lita 10. Zege linateleza kama uji, kila mtu anafurahi, na fundi mwenyewe anasifia kwamba leo slabu inasawazika yenyewe. Hiyo ndoo moja kwa kila mfuko imekula theluthi ya nguvu ya zege, au zaidi. Haionekani kwa macho. Slabu itakauka, itapigwa lipu, itapakwa rangi, watu watahamia na makabati yao.

Nani aliyeharibu? Mtasema yule wa kwenye pipa. Mimi nasema ni fundi, kwa sababu yule wa kwenye pipa hakuwahi kuambiwa. Kaambiwa "weka maji". Angeambiwa "weka ndoo mbili na nusu, na mtu yeyote akikupigia kelele uongeze, mwambie aje kwangu", angekuwa mlinzi wa jengo lile kuliko hata mhandisi anayepita Jumanne na Ijumaa. Nimefanya hivyo miaka mingi sasa. Kwenye pipa huwa namweka mtu mbishi. Nikifika kijiweni nikamwona kijana anabishana na wenzake juu ya Simba na Yanga na hataki kushindwa, namchukua yule.

Ni vivyo hivyo kwa mchanga. Anayejua kama mchanga uliomwagwa na lori usiku ni wa mtoni au ni wa pwani ni yule anayeupakua kwa koleo, kwa sababu ndiye anayekula vumbi lake, na wa pwani una chumvi, anaihisi kwenye midomo. Chumvi ile inakula nondo ndani ya zege polepole, miaka inapita, siku moja unaona ufa umefuata mstari wa nondo kama umechorwa kwa rula. Saidia fundi aliniambia mara mbili maishani mwangu, "Fundi, huu mchanga una chumvi." Mara ya kwanza nilimwambia afanye kazi yake. Nyumba ile ipo, sitawaelekeza mtaa, lakini nikipita pale huwa nageuza shingo upande wa pili.

Kumwagilia ndiyo usiseme. Zege linahitaji kulowa siku saba kwa uchache, na nguvu yake tunaipima likifika siku 28. Kazi hiyo anaachiwa nani? Kijana wa mwisho, yule aliyebaki kulala saiti na mlinzi. Wakubwa wote wameshaondoka, slabu ya mamilioni imebaki mikononi mwa mtu mwenye mpira wa maji na njaa. Akilala, slabu inapasuka. Sijawahi kuona mtu akimpongeza siku ya kufungua nyumba.

Sasa nirudi kwa yule mrefu.

Tulimwita Chuma. Kila mtu saiti ana jina la saiti. Kulikuwa na Bonge, Kilosa ndiyo mimi, Mchungaji ambaye alikuwa mlevi, na Chuma, kwa sababu alibeba nondo peke yake pale wenzake walipobeba wawili wawili. Tulifanya kazi pamoja miaka miwili na ushee. Tulikula sahani moja. Mwaka 1998 tulikuwa kwenye nyumba ya ghorofa mbili, siutaji mtaa wala mwenye kazi, tunapiga lipu ukuta wa nje. Jukwaa letu lilikuwa mirunda iliyofungwa kwa kamba za katani, na kamba zile zilikuwa zimenyeshewa masika nzima. Fundi alisema zinatosha wiki hiyo moja. Alhamisi, baada ya chai ya saa nne, Chuma alipandisha karai la udongo, akalikabidhi, akarudi nyuma hatua moja kumpisha fundi. Kamba ya kona ikaachia.

Sitawasimulia alivyoanguka. Nitawasimulia hospitali, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niwe mtu mnayemwona leo.

Tulimpakia kwenye pikapu ya saruji, juu ya mifuko mitupu, tukafika mapokezi. Nesi akafungua daftari kubwa, akauliza, "Jina la mgonjwa?" Nikasema, "Chuma." Akauliza, "Chuma nani?" Nikamtazama Bonge, Bonge akanitazama mimi. Miaka miwili, sahani moja. Nesi akaandika "Chuma", akaacha nafasi mbele yake, akauliza, "Ndugu zake wako wapi?" Nafasi nyingine. "Umri?" Mchungaji akasema labda 25. Chuma mwenyewe alikuwa hajitambui.

Tukarudi saiti kutafuta mtu wa kusimamia gharama. Mwenye kazi akasema yeye alikabidhi kazi kwa mkandarasi, hajui vibarua. Mkandarasi akasema, "Huyo si mtu wangu, ameletwa na fundi." Fundi, na alikuwa mtu mwema, alinifundisha kushika mwiko, akasema kwa sauti ya chini, "Mimi nilimwokota kijiweni." Wote watatu walisema kweli, na hapo ndipo nilipoogopa. Hakuna aliyedanganya, na hapakuwa na mtu anayemhusu.

Aliyemjua alikuwa mama ntilie.

Mama yule alikuwa anatuuzia wali maharage chini ya mwembe, na alikuwa akitukopesha mpaka Jumamosi. Aliposikia, akaweka mwiko wa wali kando, akachomoa daftari lake kwenye kapu la vyombo, daftari la shule la kurasa 48 lenye madoa ya mafuta. Ukurasa wa Chuma ulikuwa na jina lake kamili, jina la baba yake, kijiji, wilaya, na jina la dada yake anayeuza samaki Feri. Chini yake, deni la sahani nne na chai tatu. Mama ntilie hakopeshi mtu ambaye hajui kwao. Saa kumi jioni dada yake alikuwa hospitali.

Chuma aliishi. Nyonga haikurudi sawa, akarudi kijijini, na tunasalimiana kwa simu mpaka leo. Lakini hakulipwa hata senti, wala hapakuwa na mahali pa kudai, maana mahakamani na kwa afisa kazi ungeulizwa swali lile lile la nesi: huyu ni nani, na ni wa nani? Ushahidi wa maandishi kwamba alifanya kazi kwenye nyumba ile ulikuwa mmoja tu duniani, nao ulikuwa deni la wali maharage.

Mtasema hayo ni ya zamani. Ni kweli, sheria zimekuja. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni ya mwaka 2003, na OSHA, wakala wa Serikali wa usalama kazini, wapo, wanakagua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa 45 kwa wiki, na zinazozidi zilipwe mara moja na nusu. Waulizeni watu wa slabu kama wameshawahi kuiona hiyo nusu. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ilipitishwa 2008 na Mfuko wake ukaanza kazi Julai 2015. Mfuko huo ni mzuri, nasema bila kupepesa macho. Mchango anautoa mwajiri peke yake, haukatwi kwenye ujira wa mfanyakazi. Mtu akiumia kuna matibabu, akipata ulemavu kuna malipo, akifa wategemezi wake wana pa kushika.

Lakini mchango unahesabiwa kwenye orodha ya malipo. Mfuko unamlipa mtu mwenye jina. Chuma wa leo, aliyeokotwa kijiweni asubuhi, akalipwa mkononi jioni, hayumo kwenye orodha ya mtu yeyote. Sheria imejenga nyumba nzuri, tatizo mlango umekaa kwenye karatasi, na sisi mafundi ndio tunaoizuia karatasi isiandikwe. Nasema sisi, sisemi Serikali. Mkandarasi anampa kazi fundi kwa mkataba wa mdomo, fundi anatafuta watu wake, na kila mmoja anafurahi kwamba watu wale si wake.

Ijumaa Kuu, Machi 29, 2013, ghorofa la sakafu 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, hapa katikati ya jiji, liliporomoka asubuhi. Watu 36 walikufa. Nilikwenda pale kama walivyokwenda mafundi wengi, na koleo zetu, tukiamini tutasaidia. Swali lililokuwa likizunguka pale saa za mwanzo lilikuwa moja: walikuwamo wangapi? Kila mtu alikuwa na idadi yake. Huyu anasema kaona kikosi kinaingia, yule anasema wengine walikuwa wameshatoka kwenda chai. Mtu anayechimba kwenye kifusi anahitaji idadi kuliko anavyohitaji koleo, kwa sababu idadi ndiyo inayomwambia kama aendelee au amemaliza.

Novemba 16, 2024, Kariakoo, jengo jingine lilianguka, na lile lilikuwa na maduka. Hapo nakubali, nani angehesabu wateja? Lakini saiti si soko. Ina uzio wa mabati na geti moja. Mtu mmoja mwenye kalamu getini angetosha.

Nina mambo mawili madogo, nayapitia haraka kwa sababu naona mkuu wa chuo anaangalia saa.

Saidia fundi wengine ni wanawake. Wanabeba maji, wanabeba mchanga, na huko Kunduchi Mtongani kina mama wamegonga kokoto kwa nyundo miaka nenda rudi, kokoto zilizomo kwenye nguzo za mji huu. Saiti nyingi hazina choo. Mwanamume anajificha nyuma ya rundo la mchanga, mwanamke anakaa na kiu mchana kutwa ili asihitaji kwenda. Wahitimu wanne wa kike nawaona pale mstari wa pili, na nadhani mnajua ninachosema. Shimo la choo liwe kazi ya kwanza kuchimbwa saiti. Na likizidi kimo cha mtu, kingo zake zishikiliwe na mbao, maana mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu na zaidi, haimpi mtu nafasi ya kupiga kelele.

La pili ni maziwa. Wapo wanaoamini kwamba ukivuta vumbi la saruji mchana, paketi ya maziwa jioni inasafisha kifua. Nami niliamini, nimekunywa maziwa mengi sana kwa imani hiyo. Maziwa yanakwenda tumboni, vumbi limekwenda mapafuni, hawa wawili hawakutani. Mnunulie mtu barakoa, na glavu, maana saruji mbichi inachoma ngozi taratibu, mtu anagundua usiku akiwa amelala. Maziwa anywe kwa ajili ya utamu.

Baada ya mambo ya Chuma nilinunua kaunta buku. Nilikuwa bado saidia fundi, sikuwa na mamlaka ya kumwandika mtu yeyote, nikawa naandika kama mwendawazimu: tarehe, nani yupo, jina la kweli, kwao wapi, simu ya ndugu ilipoanza kuwepo simu. Wenzangu walinicheka, wakaniita Karani. Wengine walikataa. Mmoja alinipa jina la shemeji yake kwa sababu alikuwa amekimbia deni. Siku ya kuandikiana hati ya malipo ikabidi tumtafute shemeji. Nilipokuwa fundi daftari likawa sheria ya saiti yangu: huingii hujaandikwa, hutoki hujasaini, asiyejua kuandika anaweka dole gumba. Waliponijia watu wa kurasimisha ujuzi, wale wanaowapima mafundi waliojifunzia kazini ili wapewe vyeti, nilikuwa na mvi tayari. Waliniuliza nina ushahidi gani wa uzoefu wangu. Nikawaletea sanduku la madaftari. Cheti changu kimetoka humo, na kwenye madaftari yale yale vijana watano niliowahi kuwa nao wamepata ushahidi wao. Mmoja wa hao amekaa hapa mbele, ni mwalimu wenu wa vitendo. Usijifiche, mwalimu. Tarehe uliyoanza kazi kwangu ninayo, na siku uliyoangusha toroli la udongo kwenye kisima cha jirani nayo imeandikwa.

Gharama ya kaunta buku ni ndogo kuliko mfuko wa saruji. Mkandarasi mkubwa atakuambia ana mfumo wa kompyuta. Vizuri, andika hata hivyo, kwa sababu mfumo wake una watu wake na kijiwe hakimo. Mwenye nyumba atakuuliza kwa nini unampotezea dakika kumi asubuhi. Mwambie ni taratibu zako. Kuna mafundi wenzangu watakaokwambia kwamba ukishaandika jina la mtu umejifunga mwenyewe, likitokea la kutokea utashikwa kwa maandishi yako. Hao usibishane nao. Wamelielewa daftari vizuri kabisa.

Pale kwenye meza ya kushoto, karibu na keki, kuna boksi. Ndani mna kaunta buku 63, kwa idadi ya wahitimu niliyopewa. Ukurasa wa kwanza wa kila moja nimeuchora mistari mwenyewe kwa rula, jana usiku, na mke wangu amenisaidia kuanzia la arobaini, ndiyo maana hayo yamenyooka. Safu ya kwanza ni tarehe, ya pili jina kamili, ya tatu jina la saiti, ya nne kwao, ya tano simu ya ndugu, ya sita kuingia, ya saba kutoka, ya nane sahihi. Mstari wa kwanza kabisa mwandike majina yenu wenyewe, hapa hapa, kabla ya kukata keki. Kalamu sikuleta.